Herufi S Isiyosomwa

Nimesomesha Kiingereza katika skuli moja ya msingi wilaya ya Micheweni kwa miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo niliwafundisha watoto neno island kwa kuitamka ile s. Izlandi, nikisema mimi. Izlandi, wakijibu wao kwa pamoja, hata wapita njia wakasikia. Nililipenda neno hilo kwa sababu lilikuwa jepesi kulieleza. Nilikuwa nikiwaambia: ukitoka hapa ukaenda upande wowote unaoutaka, mwisho wake utafika pwani. Basi hiyo ndiyo island.

Aliyenisahihisha alikuwa mtoto wa kike wa darasa la tano. Baba yake alikuwa akifanya kazi Maskati, na yeye alizaliwa huko akasoma huko, skuli ya Kiingereza, mpaka darasa la nne. Mwaka ule mama yake alirudi naye Pemba wakakaa kwa bibi yake. Alikuja na Kiswahili cha nyumbani, Kipemba kitupu alichofunzwa na mama yake, na Kiingereza kilichomtoka mdomoni bila ya kufikiri. Wiki yake ya pili alinyoosha mkono.

"Kunradhi, mwalimu. Haisemwi izlandi. Yasemwa ailend."

Nikahisi joto likinipanda shingoni chini ya mtandio.

"Ile s ubaoni waiona?" nikamuuliza.

"Naiona."

"Imeandikwa ya nini basi, kama haisomwi?"

Akafikiri. "Sijui, mwalimu."

"Kama hujui, kaa kitako. Hapa si Maskati."

Watoto wakacheka, nami sikuwakataza. Kengele ya mapumziko ilipolia walikuwa wameshampa jina. Ailendi, njoo tucheze. Ailendi, maji yako haya. Nilimwona amesimama peke yake kwenye kivuli cha ukuta, akijifanya anafunga kamba za viatu.

Sijawahi kuwa mtu mkali. Lakini jambo moja linanitia hofu tangu ujana wangu, nalo ni kusemwa kwa namna ninavyotamka. Nilipokwenda Unguja kusomea ualimu, siku ya kwanza tu nilisimama kujitambulisha, na kabla sijamaliza sentensi ya pili ukumbi ulikuwa unacheka. Hawakuwa na ubaya. Walisikia Kipemba, wakaniiga, basi. Ila tangu siku ile nikajifunza kulipima kila neno kabla halijanitoka. Kiingereza kilinifaa kwa sababu nilikipata kitabuni, na kitabu hakicheki. Walimu wangu nao walikipata kitabuni. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kukaa na mtu anayekisema tangu utotoni. Tulikisoma kama tunavyosoma Kiswahili: kilichoandikwa ndicho kinachotamkwa. Knife na know tulizijua, maana tulionywa. Tukadhani ni hizo tu, kama mtu anayejua shimo moja njiani akaona njia nyengine yote ni salama.

Siku tatu sikuangalia. Simu ninayo mkononi, na ndani ya simu kuna kamusi inayotamka, lakini kila nikitaka kuifungua nilipata kazi nyengine. Nilisahihisha madaftari ambayo hayakuwa ya haraka. Nilifua mapazia. Siku ya nne, wakati wa mapumziko, niliingia stoo ya vitabu, nikafunga mlango, nikaliandika lile neno na kubonyeza alama ya spika.

"Ailend," ikasema sauti ya mwanamke.

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza mara nyingi. Kisha nikaketi juu ya boksi la chaki, nikaanza kuhesabu. Darasa moja lina watoto hamsini na kitu. Miaka kumi na moja. Wengine wameshafika chuo. Mmoja ninayemjua anatembeza wageni kwenye hoteli moja kaskazini ya kisiwa, na siku zote neno atakalolihitaji zaidi ya yote ni hilo hilo. Nikamwona akilini mwangu akisimama mbele ya wageni, amevaa shati lake jeupe, akitangaza kwa sauti kubwa kosa langu.

Nilipotoka stoo nilikutana na mwalimu mkuu, mkononi ana barua. Kutakuwa na mashindano ya kusoma Kiingereza kwa sauti baina ya skuli za msingi, Chake Chake, katika ukumbi mmoja karibu na Gombani. Kila skuli ilete msomaji mmoja wa darasa la tano.

"Siku kumi na tisa tunazo," akasema. "Nani atakwenda?"

Sote wawili tulimjua nani. Lakini mtoto yule alikuwa ameshaacha kunyoosha mkono. Nikimwita asome, alisoma kwa sauti ya chini isiyofika dawati la pili, na akifika kwenye neno gumu aliniangalia mdomoni kwanza.

Hapo nikaogopa kitu chengine. Kama island nimeikosea, mangapi mengine? Nikachukua kitabu cha darasa nikapitia ukurasa baada ya ukurasa, nikiandika kila neno ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa na mtu anayelijua. Yalikuwa mengi kiasi cha kunitia kizunguzungu. Kamusi ya simu ingenitosha, lakini nilitaka mtu. Nilitaka mtu anisikie, aniambie hasa wapi napotea.

Shangazi yake mume wangu anakaa Madungu, huko huko Chake Chake. Ni mwanamke mkavu wa maneno, na kabla ya kustaafu alikuwa akiunganisha simu za nje, enzi ambazo ukitaka kuzungumza na mtu wa ng'ambo ilibidi umpitie yeye. Kiingereza chake alikipata kwenye vidude vya masikioni, kwa waunganishaji wenzake wa nchi za mbali ambao hakuwaona hata siku moja. Nilimkuta Jumamosi asubuhi anachambua mchele.

"Wataka nikusikilize ukisoma?" akasema. "Mtu mzima weye?"

"Nakuomba, shangazi."

"Haya. Soma."

Nikasoma. Nilisema climb kwa kuitamka b ya mwisho. Nilisema castle kwa t yake, sword kwa w yake, Wednesday kwa d zake mbili. Alikuwa akichambua mchele bila ya kuniangalia, na kwa kila neno alisema "la," kisha akalitamka yeye, polepole, kama mtu anayemrudishia mwenziwe kitu alichokiangusha. Nilipofika neno la ishirini akaweka ungo chini.

"Nani kakufunza haya?"

"Vitabu."

"Ndiyo maana. Maneno yako yangali na karatasi yake ya dukani, hujayafungua."

Nilicheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Akayaona. Akavuta karatasi yangu aisome, na uso wake ukabadilika.

"Hili nini?" akanyooshea kidole.

"Ni sword, shangazi. Upanga. Ulilisema sasa hivi."

"Lina w humo ndani?" Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Na hiki kisiwa kina s? Mie miaka yangu yote nkiandika a, i, l, a, n, d. Daftari langu halikusomwa na mtu, basi hakuna aliyenambia kitu."

Tukakaa tumeangaliana, yeye aliyejua kwa sikio na mimi niliyejua kwa jicho. Tangu hapo ikawa kila Jumamosi na kila Jumapili. Nilimsomea, akanirekebisha, naye akanitaka nimwandikie maneno aliyokuwa akiyasema tangu usichana wake ayaone yalivyo.

Lakini lile swali nililomuuliza mtoto lilikuwa limebaki shingoni mwangu. Imeandikwa ya nini, kama haisomwi? Nilitafuta kwenye simu, nikaazima na kitabu kikuukuu kwa mwalimu mmoja wa sekondari. Nilichokisoma kilinishangaza. Ile k ya knife zamani watu waliitamka. Ile gh ya night ilikuwa sauti ya kooni, inayokaribiana na kh yetu tunayoisema katika kheri na khabari. Maandishi yakaja yakagandishwa na mitambo ya kuchapa vitabu, ndimi zikaendelea na safari yake, na herufi zikabaki pale zilipoachwa. Ila s ya island haikuwahi kutamkwa na mtu yeyote katika neno hilo. Zamani waliliandika bila ya s. Wakatokea wasomi waliodhani neno hilo limetokana na Kilatini, ambamo kisiwa kina s, nao wakaipachika ili lionekane la kisomi. Walikosea. Na kosa lao likafundishwa skuli.

Nilikisoma kipande hicho mara mbili, na badala ya kupata nafuu nikazidi kuogopa. Kumbe kosa la mwalimu linaweza kuishi mamia ya miaka.

Nikamwendea mwalimu mkuu nikamwambia nataka kuwaambia watoto ukweli.

"Wiki moja na nusu kabla ya mashindano?" Alivua miwani. "Wazazi watasemaje? Watasema watoto wao wamefunzwa uongo."

"Wamefunzwa makosa, mwalimu. Uongo ni nikiendelea sasa."

Hakusema ndiyo wala hapana. Siku ya pili yake niliingia darasa la tano, nikaandika island ubaoni, na chaki ikanivunjika mkononi.

"Neno hili nilikuwa nalikosea," nikasema. "Mwenzenu alinisahihisha, nami nikamnyamazisha. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Linasemwa ailend."

Nilisikia kuku wakiparura nje ya dirisha. Kisha mtoto wa mbele akauliza, "Na s, mwalimu?"

"Chuoni mnasoma Kurani," nikasema. "Neno shamsu, jua, likitanguliwa na alifu na lamu, ile lamu mnaiona?"

"Tunaiona!"

"Mnaisoma?"

"Hatuisomi! Lamu shamsia!"

"Basi na Kiingereza nacho kina herufi za namna hiyo. Tofauti ni kwamba za Kiarabu zina kanuni yake, ukiijua umemaliza. Za Kiingereza kila moja ina hadithi yake." Nikawahadithia habari ya wale wasomi waliokosea.

"Mbona hawajaifuta?" akauliza mwengine.

Nikawaambia nadhani watu walishaizoea. Nilipogeuka nilimwona mwalimu mkuu amesimama mlangoni, na sikujua alikuwa amesimama hapo tangu lini. Akaondoka. Mtoto wa Maskati alikuwa ameinamisha kichwa juu ya daftari lake, haangalii mtu.

Nikajua kwamba kumtaja darasani hakutoshi. Alasiri ile nilikwenda kwao. Bibi yake alikuwa anaanika mwani juu ya kamba, mikono imemkauka kwa chumvi, na aliponiona akashtuka.

"Karibu, mwalimu. Kafanya nini tena mwana huyu?"

"Hajafanya kitu, bibi. Shikamoo. Mimi ndiye niliyemkosea."

Nikamweleza, mtoto amesimama nyuma ya mlango anasikia. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani neno lenyewe lina maana gani, hata mwalimu aje mpaka kwangu?"

"Kisiwa, bibi."

"Kisiwa!" Akapiga kofi. "Na nyote mwakaa humo humo!"

Mtoto akacheka nyuma ya mlango, akatoka. Nikamwomba radhi mbele ya bibi yake. Sijui kama kuna jambo gumu zaidi ya kumwomba radhi mtoto, kwa sababu yeye hajui akusaidie vipi. Alisimama akizungusha ncha ya ushungi wake.

"Nataka uende Chake ukasome," nikamwambia.

"Nikisema sawasawa wanicheka, mwalimu. Nikisema makosa hawanicheki."

"Najua."

"Wajuaje?"

Nikamhadithia habari ya chuo, ya ukumbi uliocheka. Akanisikiliza kwa makini. Mwisho akasema, "N'takwenda. Lakini ukae mbele, mahali nikuone."

Siku yenyewe nilikwenda naye Chake mapema, pamoja na bibi yake. Ukumbi ulijaa wazazi na walimu. Mezani walikaa waamuzi wawili: mzee mmoja, mwalimu wa siku nyingi, na mwanamke kijana aliyekuja na kalamu tatu za rangi. Sheria ilikuwa rahisi. Msomaji akikosea neno, mzee anagonga kengele ndogo ya mezani, na msomaji analirudia. Akilipatia mara ya pili anapunguziwa nusu alama. Akilikosea mpaka mara ya tatu, linahesabiwa limepotea. Kengele ililia mara nyingi kwa watoto wa skuli nyengine.

Zamu yetu ikafika. Alipanda jukwaani, akanitafuta kwa macho, akaniona. Akaanza kusoma hadithi ya familia iliyohamia mahali pa mbali. Alisoma vizuri hata watu wakaacha kunong'ona. Aya ya kwanza ikapita, kengele haijalia. Katikati ya aya ya pili akafika.

"... to a small ailend ..."

Ting!

Nilidhani nimesikia vibaya. Mtoto akaniangalia. Akarudia, polepole zaidi. "Ailend."

Ting!

Mzee hakuwa na hasira. Alimtazama mtoto kwa huruma, akamwambia kwa upole, "Angalia herufi zote, mwanangu. Usiziruke."

Nikauona mdomo wa mtoto ukibadilika. Meno yakakaribiana, ulimi ukajiandaa, akataka kusema z. Alikuwa anataka kukosea kwa makusudi ili mambo yaishe. Alikuwa keshajifunza hilo kwangu.

Nikasimama. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kiti kilichoanguka nyuma yangu na vichwa vyote vilivyogeuka.

"Samahani, mzee."

"Mwalimu, msomaji hasaidiwi."

"Simsaidii. Amesoma sawa." Kipemba changu chote kilikuwa wazi, sikuwa nimekipima. "Hiyo s haitamkwi. Hata mie nalikuwa nkiitamka. Nimeitamka miaka kumi na moja, nkawafunza watoto wa watu. Lakini haitamkwi."

"Mwalimu, imeandikwa," akasema mzee, akainua karatasi kuonesha ukumbi.

Mtu nyuma akaguna. Mwengine akasema nikae kitako. Ndipo yule mwamuzi kijana akatoa simu yake, akaandika kitu, akaisogeza kwenye maikrofoni. Sauti ikajaza ukumbi: "Ailend."

Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile nakijua. Nilimtazama mzee, nikamwona mkono wake umeshikilia kengele kana kwamba anaizuia isilie, na shingo yake imebadilika rangi. Nilikuwa nimeshinda, na sikuona raha hata kidogo. Nilitamani wanyamaze.

"Tusameheane," akasema mzee katika maikrofoni. "Mtoto aendelee. Neno hilo amelipata."

Akaendelea, lakini sasa alisoma kwa haraka, kama anayetaka kushuka. Aliruka mstari mmoja, akakosea maneno mawili ambayo nyumbani asingeyakosea. Akatoka wa tatu. Alipoteremka alinijia moja kwa moja, akaniegemea.

"Nilitaka kusema izlandi," akaninong'oneza.

"Nilikuona."

"Ungekasirika?"

"Nisingekukasirikia weye."

Tulipokuwa tunasubiri gari nje, mzee alikuja. Aliwasalimu wote, akampa mtoto mkono wa heko, kisha akanivuta pembeni kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Wiki tatu hazijatimia."

Alitikisa kichwa. Akavua kofia yake, akaiangalia ndani kama aliyepoteza kitu humo, akaivaa tena.

"Mie nimesomesha miaka ishirini na sita," akasema. "Wengine niliowasomesha ni walimu. Nilipokusikia ukisema ulikuwa ukiitamka na weye, nkasema, Alhamdulillahi, si mie peke yangu. Kisha nkaona haya kwa kusema hivyo."

Nikamwambia hata mimi nisingejua, lau si mtoto yule. Akamtazama alipo, amekaa juu ya begi lake anakula kashata na bibi yake.

"Lakini mangapi mengine, mwalimu?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayemuuliza daktari. "Mangapi mengine tusiyoyajua?"

"Sijui, mzee."

Gari ikaja. Tukaagana. Bibi akauliza mshindi wa kwanza kapewa nini, na mtoto akaanza kumweleza, wa kwanza kapewa begi, wa pili kapewa kamusi, yeye kapewa kalamu na cheti, na kwenye cheti jina lake wamelikosea herufi moja.